Beti Mbili za Tsuma

Barua iliyomjulisha Faki Kombo kwamba amekufa ilifika Mtongwe asubuhi moja ya kiangazi, mwaka wa themanini na nane, na aliyeipokea ni marehemu mwenyewe.

Alikabidhiwa dukani kwa Mwangi, maana sanduku la posta la Mwangi ndilo lililokuwa sanduku la nusu ya mtaa. Bahasha ilitoka Nairobi kwa wachapaji wa Kilele; Faki aliijua kwa ile nembo yao ya mlima. Akaifungua pale pale, amesimama baina ya gunia la maharagwe na pipa la mafuta ya taa. Akasoma mstari wa kwanza. Akausoma tena. Akajipapasa kifuani.

"Kwema, mzee?" Mwangi akauliza.

"Mwangi, hebu nitazame vizuri. Waniona je?"

"Nakuona umesimama mbele ya maharagwe yangu."

"Nipo?"

"Uko."

"Basi hawa wasema sipo."

Mwangi akaichukua barua, akaisoma kwa sauti, na kila neno lililomtoka lilikuwa kama koleo la mchanga juu ya sanda. *Kwa familia ya marehemu Mzee Faki Kombo. Tumepokea kwa huzuni kubwa habari za kuondokewa na mshairi huyu, jabali la lugha...*

"Jabali!" Faki akadakia. "Soma tena hapo pa jabali."

Mwangi akasoma tena. Barua ikaendelea kusema kwamba kwa heshima ya marehemu, Kilele wameamua kuuchapa utenzi wake mzima, ule wa Wazima Taa. Ikasema hasa zile beti za mlinzi aliyelala zimewachekesha ofisini mpaka machozi, na wana hakika wanafunzi wa nchi nzima watazikariri. Chini palikuwa na saini ya mhariri mpya, Phineas.

"Lakini nani amewaambia umekufa?" Mwangi akauliza.

Faki alifikiri kidogo, kisha akajipiga paji la uso. Mtu wa pwani ajua kwamba utenzi haufungwi hivi hivi. Mtunzi sharti ajinyenyekeze mwishoni, ajitaje, aombe dua. Faki naye alikuwa ameufunga wake kama walivyofunga wazee:

*Mwenye kutunga shairi*
*ni mgeni wa kaburi*
*muombeeni Jabari*
*amlaze penye pema.*

Ubeti kama huo, mtu wa Likoni akiusikia huitikia amina na kuomba kahawa. Phineas wa Nairobi aliusoma akavua kofia. Alidhani ni taarifa.

Faki alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyepigwa kofi na asijulikane nani kampiga. Mkewe, Mwanatatu, alikuwa anakuna nazi uani.

"Mama Rama, nimefiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Mwanatatu alipoelezwa aliiacha mbuzi ya nazi akasimama, mdomo wazi. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Faki hakucheka. Kilichomshtua si kifo; ni kwamba alikuwa amewaandikia watu wale miaka na miaka. Barua ya kwanza aliwaandikia kwa shairi, akangoja ajibiwe kwa shairi kama ilivyo ada ya waungwana. Wakamjibu kwa maneno makavu, kama watu waliokatazwa kuimba. Walisema utenzi ni mrefu. Akaupunguza. Wakasema sasa ni mfupi. Wakasema vita vya zamani haviwavutii vijana. Wakasema karatasi imepanda bei. Alipokuwa hai, kila walichokiona ni kasoro. Alipokufa tu, amekuwa jabali.

"Basi kaa ufe, Baba Rama," Mwanatatu akasema akijifuta machozi ya kicheko. "Kufa kwako kuna faida kuliko uhai wako."

Yeye alisema mzaha. Faki akaliokota neno. Wallahi alikuwa mtu wa masihara tangu utotoni, na mtu wa masihara akiona mlango wazi hawezi kupita bila kuchungulia. Alasiri ile alikaa akaandika: *Tumepokea rambirambi zenu kwa shukrani. Baba alifariki akiwataja. Chapeni, msibakishe neno. Wenu katika msiba, Rama wa Faki.*

"Watia jina la mwanangu kwenye uongo?" Mwanatatu akamaka.

"Mwanao yuko bandarini, hana habari. Kitabu kikitoka, nitafufuka."

Kwa wiki nzima Mtongwe ilipata kichekesho. Faki akipita, vijana wa feri walimwita, "Marehemu, shikamoo!" Naye hujibu, "Marahaba, wanangu, huku kwetu hakuna joto." Alikuwa anaelea. Utenzi wake ungekuwa kitabu.

Na ulikuwa utenzi wa kweli, wa mambo aliyoyaona. Wakati wa vita vile vikubwa, alipokuwa kijana, manowari za Waingereza zilijaa Kilindini, na ilisemekana Mjapani anakuja chini ya maji kuzipasua. Serikali ikataka vijana wa kujitolea walinde pwani. Faki akaenda, Tsuma Mwakoja akaenda, na wengine wa Mtongwe na Likoni. Hawakupewa bunduki. Walipewa firimbi na kitambaa cha kufunga mkononi, na kazi yao ilikuwa moja: jua likizama, nyumba zote za ukingoni ziwe giza, adui asipate alama. Walizunguka wakipiga kelele, "Zima taa! Zima taa!" Wazungu waliwapa jina refu la kizungu, watu wakawaita Wazima Taa, na jina likaganda.

Faki na Tsuma walikuwa chanda na pete. Sahani moja, mkeka mmoja. Mpaka usiku ule taa ilipoonekana ikiwaka ukingoni, upande wa zamu ya Tsuma. Ofisa wa kizungu akaja kwa mashua anafoka. Alimkuta Tsuma amekaa kizingitini pa nyumba moja, na Tsuma akasema mwenyewe, mbele ya watu: "Taa ni yangu. Nilisinzia ikiwaka." Kesho yake alivuliwa kitambaa hadharani, akachapwa viboko mbele ya wazee. Na Faki, kijana mwenye ulimi kama wembe, alimwonea haya rafiki yake, akamwonea hasira, akatunga:

*Adui yu baharini*
*na taa yawaka pwani*
*na mlinzi yu ndotoni*
*akoroma kama ngoma.*

*Firimbi shingoni mwake*
*kaisahau ni yake*
*wamuuliza wenzake:*
*U askari au Tsuma?*

Beti hizo zilikimbia kuliko moto wa makuti. Ziliimbwa kisimani, ziliimbwa ngomani. Miaka baada ya vita watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule walimfuata Tsuma njiani, "U askari au Tsuma?" Mwishowe Tsuma akafunga virago, akavuka, akaenda kuishi Chaani, akafanya kazi ya kupakua meli mpaka akazeeka. Hakumsemesha Faki tena. Na Faki, kila alipourefusha utenzi ule mwaka baada ya mwaka, beti mbili zile hakuzigusa. Zilikuwa ndizo tamu kuliko zote, naye alijua.

Ijumaa moja baada ya Asri, dada yake mkubwa, Dhahabu, alikuja kutoka Magogoni kumcheka maiti. Alikuwa ajuza mwenye miwani minene na maneno machache. Mwanatatu akamwaga kahawa, Faki akatoa makaratasi yake, akasema, "Dada, kaa nikusomee kitabu kabla hakijawa kitabu."

Akasoma. Dhahabu alikuwa anatikisa kichwa kwa raha, mpaka Faki alipofika kwenye mlinzi aliyelala. Alizisoma beti zile kwa madaha, akakoroma hasa pale pa kukoroma. Mwanatatu akacheka. Dhahabu hakucheka. Kikombe kilimtoka mkononi, kahawa ikamwagikia leso, wala hakujipangusa.

"Hizo nazo zitachapwa?"

"Ndizo wazipendazo zaidi! Watoto wa shule watazikariri Kenya nzima."

"Zitoe."

"Dada?"

"Faki, nimesema zitoe." Akamgeukia Mwanatatu. "Wifi, funga mlango wa mbele."

Mwanatatu akaufunga. Dhahabu alivua miwani, akaishika mapajani, na alisema akiiangalia miwani ile, hakumwangalia mtu.

"Usiku ule taa haikuwa ya Tsuma. Ilikuwa yangu."

Faki akadhani hakusikia vizuri.

"Nilikuwa mwari sijaolewa, na nilikuwa na mimba. Mama alinificha ndani muda wote ule; nyinyi wanaume mliambiwa nina homa. Uchungu ulinikamata usiku ule, na mtoto akatanguliza miguu. Mkunga akasema bila mwanga nitakufa. Mama akawasha taa. Tsuma akaja mlangoni, zima taa, zima taa. Mama alitoka akamshika miguu. Akachungulia, akaniona nilivyo." Akaigeuza miwani mapajani. "Alivua shuka yake akaitundika dirishani, akageuka, akakaa kizingitini na mgongo wake kwetu. Lakini shuka ilikuwa nyepesi."

"Na mtoto?" Mwanatatu akauliza kwa sauti ya chini.

"Hakulia. Alizikwa kabla ya alfajiri. Yule mzungu alipofika taa ilishazimwa, akataka kuingia ndani. Angeingia, na kijiji kizima nyuma yake. Ndipo Tsuma aliposema ni yake."

"Alikuwa... mtoto alikuwa wa Tsuma?" Faki akauliza.

Dhahabu akainua uso kwa mara ya kwanza. "La. Na ukiniuliza tena swali hilo, mimi si dada yako."

Faki akageuka kuutazama mlango. Nyumba ile ilikuwa yao; siku zote alidhani Tsuma alikwenda kusinzia pale kwa kuwa ni kwa rafiki yake. Kizingiti kile ni hiki hapa, ambacho yeye amekivuka maisha yake yote. Usiku ule yeye alikuwa zamu upande wa Likoni, anapuliza firimbi na kujiona mwanajeshi. Dada yake aliolewa baadaye kwa heshima, akazaa, akajukuu, hakunyoshewa kidole na mtu. Na stara hiyo yote ilikuwa imelipiwa na mtu mmoja, kwa viboko, na kwa beti mbili.

"Kwa nini hukuniambia, dada? Miaka yote hii?"

"Ungeacha kuimba, watu wangeuliza kwa nini umeacha." Dhahabu akavaa miwani. "Nilikuwa mwoga, Faki. Nilidhani zitakufa zenyewe. Na zilishakufa, watoto wa leo hawazijui. Sasa wewe wataka kuzifufua, uwape watoto wa nchi nzima."

Usiku huo Faki hakula. Asubuhi aliandika barua, na mara hii hakutia masihara hata chembe. Aliandika kwamba yeye Faki Kombo ni mzima, hajafa, palitokea kosa, na kwamba beti mbili za Tsuma ziondolewe kitabuni, kwa sababu alizozijua mwenyewe. Akaipeleka kwa Mwangi, akasimama mpaka akaona inatiwa kwenye mfuko wa posta.

Majibu yalipofika aliyasoma uani, mbele ya mkewe. Phineas aliandika: *Ndugu Rama, tumelinganisha barua hii na ile ya kwanza, na mwandiko ni wako ule ule. Si vizuri kutumia jina la baba aliyekufa ili kukatakata kazi yake. Wewe mwenyewe ulituambia tusibakishe neno. Kwa hivyo hatutagusa hata nukta. Isitoshe, tumeshapeleka tangazo redioni la kifo chake na la kitabu.*

"Yaani," Faki akamwambia mkewe, "nimejighushi mwenyewe."

"Nilikwambia usitie jina la Rama."

"Mama Rama, usinikanyage, niko chini tayari."

Tangazo lilitoka adhuhuri. Mtongwe walilisikia wakacheka, wakaja kumtania mlangoni. Lakini redio haisikiki Mtongwe peke yake.

Siku ya pili yake Faki alikuwa chumbani, amejilaza, anatazama boriti, aliposikia hodi ya wanaume wasiokuwa wa mtaa ule. Mwanatatu akatoka. Faki akachungulia pembeni mwa pazia. Mbele ya baraza walisimama wazee watatu wenye kanzu na kofia, na wa katikati, mrefu, mgongo umepinda kwa mizigo ya meli, alikuwa Tsuma Mwakoja.

Mwanatatu alifungua kinywa kueleza. Tsuma akainua mkono.

"Shemeji, niachie niseme kabla sijavunjika moyo. Nimevuka maji ambayo niliapa sitayavuka tena." Majirani walianza kusogea, vijana waliokuwa na utani midomoni wakaumeza. "Ni ada yetu, mtu akifa, mwenye kinyongo naye akitoe, asimzuilie njia. Mimi nina kinyongo na Faki, na mwajua wote ni kipi. Nimekibeba toka sina mvi. Basi leo, mbele yenu, mimi Tsuma nimemsamehe, duniani na akhera. Mungu amsamehe naye."

"Amina," wakasema wale wenzake wawili, na hakuna mwingine aliyeitikia.

Faki alisikia kila neno nyuma ya pazia. Angeweza kubaki pale. Tsuma angeondoka moyo mweupe, naye angebaki na msamaha wake mkononi kama mwizi na mkufu. Alijiona anauwaza upuuzi huo, akajishtukia mwenyewe. Akatoka.

Mmoja wa wazee alitoa ukelele akarudi nyuma mpaka akakanyaga kuku. Wa pili akaanza kusoma Ayatul Kursi. Tsuma hakusogea. Alimtazama Faki kuanzia miguuni, taratibu, kama mtu anayekagua mzigo ulioharibika njiani.

"U hai."

"Ni hai, Tsuma. Lilikuwa kosa la—"

"Umenicheza tena." Sauti yake ilikuwa ndogo kabisa. "Umenitoa Chaani, mtu mzima, na kanzu ya Idi, uje unisikize nyuma ya pazia. Kesho itakuwa na ubeti wake, sivyo?"

"Wallahi sivyo! Nisikilize—"

"Nilikusikiliza ujana wangu wote. Nilikusikiliza kisimani, nilikusikiliza mpaka harusini kwangu."

Ndipo Dhahabu, ambaye alikuwa hajarudi Magogoni, alipotoka uani, ameshika mlango kwa mikono miwili. "Tsuma," akasema, "basi. Ni wakati mimi niseme. Watu nyote, taa ile—"

"Dada Dhahabu." Tsuma alimkatiza haraka hata watu wakashtuka. "Shikamoo. Rudi ndani, jua kali. Huna la kusema."

"Ninalo."

"Huna." Kisha akalainisha sauti. "Nimelibeba hili mpaka hapa, na kubwaga sasa ni hasara tupu. Rudi ndani, dada yangu."

Dhahabu akabaki pale kizingitini, machozi yanapita chini ya miwani, na watu wakadhani analia kwa aibu ya nduguye. Tsuma akageuka. Faki akamwandama mpaka njiani, anamwita.

"Tsuma, umesema mbele ya watu umenisamehe!"

Tsuma alisimama. "Nimemsamehe maiti. Wewe mzima sina habari nawe. Na nasikia kitabu kinakuja." Akawaashiria wenzake, wakashuka kuelekea feri.

Faki hakungoja barua nyingine. Alipanda basi la Nairobi na makaratasi yake kwenye kikapu. Ofisi ya Kilele ilikuwa juu ghorofani. Msichana wa mlangoni, Jael, alimuuliza jina. Alipolitaja, Jael akaandika, akasimamisha kalamu, akainuka bila kusema kitu. Phineas alitoka na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa kijana mnene, mpole wa uso.

"Wewe ndiye Rama?"

"Mimi ndiye jabali," Faki akasema.

Akampa kitambulisho. Phineas aliangalia picha, akamwangalia mtu, akaangalia picha, na chai ikaanza kumwagikia kiatu chake asijue. "Lakini uliandika... *mgeni wa kaburi*..."

"Mwanangu, na wewe pia ni mgeni wake. Hujafika tu."

Walipomkalisha na kumpa maji, Phineas aliomba radhi mara nyingi, na kweli alikuwa ameona haya. Akaleta kurasa zilizokwisha pangwa. Faki aliziona: herufi nyeusi, safi, zimesimama kwa mistari kama askari kwenye gwaride. Jina lake juu. Alizigusa kwa kidole kimoja.

"Mkataba huu hapa," Phineas akasema. "Tulikuwa tungoje warithi, lakini sasa u hai, ni bora zaidi. Tia saini tu."

"Toa beti za Tsuma, nitie."

Phineas akakuna kichwa. "Mzee, nikuambie ukweli. Kamati ilipitisha kitabu kwa ajili ya hizo. Ukiziondoa, kinachobaki ni watu wanaozunguka wakizima taa."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Ndiyo, lakini nani atanunua? Badilisha jina basi. Weka Juma. Vina vinakubali."

Faki akaupima mstari kimoyomoyo. Vina vilikubali kweli. Na kwa kitambo kidogo, Mungu ndiye shahidi, moyo wake ulirukia pale. Juma! Kitabu kipo, jina limefichwa. Kisha akawaona watu wa Mtongwe wakikifungua. Akamwona mtu wa Chaani akikishika. Ungeweka jina la Mjapani mwenyewe, kila mtu mzima wa kusini ya bandari angejua mlinzi ni nani, na safari hii ingekuwa imepigwa chapa, haina wa kuifuta.

"Hakulala," akasema.

"Nani?"

"Mlinzi. Hakulala. Nimewaandikia uongo."

"Lakini mzee, ni shairi tu!"

"Mimi ndiye nijuaye shairi lafanya nini." Akausukuma mkataba, akakusanya makaratasi yake akayatia kikapuni. Phineas alimfuata mpaka kwenye ngazi, anamwambia afikirie, anamwambia nafasi kama hii haiji mara mbili kwa mtu wa umri wake. Alikuwa anasema kweli, na Faki alijua.

Basi la kurudi lilimshusha Changamwe. Hakuendelea mjini. Aliulizia njia mpaka Chaani, mpaka kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye mlango wa kijani. Tsuma alikuwa amekaa nje, miguu ameinyosha, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Maiti imefika," Tsuma akasema bila kuinua kichwa.

"Asalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam. Sema ulilojia, nina kazi."

"Kitabu hakitoki."

Vidole vya Tsuma vikasimama. "Wamekukataa tena?"

"Wamenikubali. Mimi ndiye niliyekataa. Hawakitaki bila zile beti mbili, na mimi sitaki kitabu chenye zile."

Sasa Tsuma akainua uso. Alikuwa amejiandaa kwa masihara, kwa visingizio, hata kwa machozi. Hili hakujiandaa nalo. "Wewe? Faki wa Kombo? Wewe ungeuza kilemba cha baba yako ili uchapwe kitabu."

"Ningeuza na kofia."

"Basi kwa nini?" Kisha sauti ikashuka, na jicho likawa kali. "Nani amekwambia nini?"

Faki alimfikiria dada yake pale kizingitini. Alikifikiria kile ambacho Tsuma hakutaka kisemwe hata mbele ya aliyemkosea. "Sikuambiwa kitu na mtu," akajibu. "Nimejua tu kwamba beti zile ni uongo. Basi."

Tsuma akamtazama muda mrefu. Alijua kwamba Faki anajua. Faki akajua kwamba amejulikana. Mwanamke mmoja alipita na ndoo ya maji akawaamkia, wakamwitikia wote wawili pamoja.

"Sijakusamehe bado," Tsuma akasema mwanamke alipokwisha pita.

"Najua."

"Yule aliyekufa ndiye niliyemsamehe. Wewe nitakufikiria."

"Fikiria kwa nafasi yako."

Tsuma akasogea kidogo kwenye mkeka, akamsukumia ungo. "Macho yako mazima kuliko yangu. Mchele huu una mawe." Faki akakaa, akauchukua. "Huo utenzi wako, wasema ni mrefu. Mimi toka nizaliwe nimesikia zangu tu. Hebu nisomee za wengine."

Faki, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya Mzungu wala ya Mwafrika, alifungua kinywa, mkono wake umo ndani ya mchele, na neno halikuja.